Sura Tatu kwa Chungu cha Maharagwe

Nilicheka kwenye matanga ya Mama Feza. Sisemi nilitabasamu, nilicheka mpaka nikashika mbavu, mwanamke wa umri wangu, kitambaa cha msiba kichwani, watu wameketi kimya chini ya turubai pale kwake, mtaa wa Mulongwe, na wanawake wa kanisa wanapakua wali. Mjukuu mmoja wa marehemu, kijana mpole anayesoma chuo kikuu, alikuwa ametoka chumbani na Biblia kuukuu, akainama sikioni kwangu. "Koko," akaniita, kama wajukuu wa kwetu wanavyotuita sisi wazee, "nakuuliza weye juu mulikuwa marafiki tangu zamani. Koko wetu alikuwa anajua kusoma kweli?" Nikamwuliza swali hilo limetoka wapi. Akaifungua ile Biblia, akanionyesha majina ya watu yaliyoandikwa kwa penseli pembeni mwa kurasa, herufi kubwakubwa, zimesimama vizuri. Alitaka kujua nani alimwandikia. Maana tangu wakiwa wadogo walikuwa wakimwona kanisani ameshika kitabu kichwa chini, midomo inachezacheza, na wajukuu wote walikuwa wamekubaliana kumsitiri. Hakuna aliyewahi kumwambia. Mgeni akikaa karibu naye, mmoja wao alisogea akae katikati ili aibu ya koko isionekane. Miaka yote hiyo! Hapo ndipo nilipocheka. Feza, binti wa marehemu, ambaye sasa naye ana mvi, alinitazama kwa jicho kali kutoka upande wa pili, mpaka alipoiona Biblia ile mkononi mwangu. Kisha naye akaficha uso kwenye kitenge, mabega yakaanza kumtetemeka, na watu wakadhani analia.

Kicheko kilipoisha nilipata hasira kidogo, sina budi kusema. Msomaji hodari kuliko wote niliowahi kuwajua alikuwa ameonewa huruma na watoto wa nyumba yake mwenyewe. Nilijaribu kuwaeleza palepale, lakini kwenye matanga huwezi kumaliza sentensi mbili kabla hajaingia mtu wa kusalimiwa. Ndiyo maana naandika hapa, kwa nafasi, kuhusu mwaka ule wa uhuru nilioishi katika ua wa Mama Feza.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilitoka Sange, cheti changu cha shule kimekunjwa ndani ya Biblia, nikaja Uvira kujifunza kushona kwenye fwaye, nyumba ambamo wasichana walifundishwa sindano, pasi na usafi wa watoto. Fwaye ilifungwa saa sita mchana. Baada ya hapo siku ilikuwa yangu. Chumba nilichopewa kilikuwa na dirisha dogo la mbao, kitanda cha kamba, sanduku lililotumika kama meza, na harufu ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, ambayo iliingia mpaka kwenye kurasa za daftari. Biblia ile nilikuwa nimepewa shuleni, zawadi ya msomaji bora wa darasa. Niliivika kitambaa cha buluu na kuiweka juu ya sanduku, mahali ambapo kila apitaye mlangoni angeiona. Kuifungua lilikuwa jambo jingine. Nilikuwa na mchana mzima mikononi, na maombi yangu ya siku yalikuwa mafupi kuliko kufunga kamba za viatu. Leo nikiwasikia wajukuu wangu wanasema hawana muda wa kusali, sisemi neno, maana mimi muda nilikuwa nao na sikusali.

Mama Feza hakuwa na hata robo saa. Alikuwa na miaka kama thelathini, mrefu, mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mto, na macho mekundu yanayolengalenga machozi, nami nikadhani ni ugonjwa. Alfajiri alikuwa ufukoni kupokea ndagala kutoka kwa wavuvi. Jua likipanda anawatandaza mchangani, anawageuza, anafukuza kunguru na kuku wa majirani. Kisha soko, kisha shamba lake la muhogo chini ya milima, kisha kuni na maji, na watoto wanne, wa mwisho bado mgongoni. Mumewe, Baba Feza, alipakia na kupakua mizigo kwenye bandari ya Kalundu na kurudi jioni na njaa ya watu wawili. Na juu ya yote hayo kulikuwa na kanisa. Kanisani kwetu siku zile aliyetaka kubatizwa ilibidi kwanza ajue kusoma, asome mbele ya wazee ukurasa wowote watakaomfungulia. Darasa la ubatizo lilikuwa alasiri, saa ileile ambayo ndagala hukusanywa. Mara mbili Mama Feza alijiandikisha, mara mbili wakamfuta kwa kutohudhuria. Mzee Yakobo, mkubwa wa wazee wa kanisa, alimwambia mbele ya watu kwamba hana nafasi kwa ajili ya Mungu. Maneno hayo alinirudia siku niliyohamia kwake, huku anapepeta mchele, bila kuinua sauti, kwa Kiswahili chetu ambamo minye ni mimi, njo ni ndiye, na juu ni kwa sababu. "Anasema minye sina nafasi ya Mungu. Sawa. Lakini Mungu njo alinipa ndagala, na ndagala haingojee muntu."

Kilichomuuma zaidi nilikiona Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kabla ya Meza ya Bwana, mzee mmoja alisimama akatangaza kwamba wasiobatizwa watoke. Wakasimama watoto, wakasimama vijana wawili watatu waliokuwa bado darasani, na katikati yao Mama Feza, anawazidi wote urefu, akatoka nao mlangoni kama mlezi wao. Mimi nilibaki kwenye benchi langu, nimebatizwa tangu shule, nikila mkate bila kuwaza. Tulipotoka tukamkuta amesimama kwenye jua na wanawe. Feza, aliyekuwa na miaka saba, alikuwa anamvuta mkono. "Mama, ulifanya kosa gani?" Mama Feza alimfunga vizuri kitambaa cha kichwa. Tulitembea mpaka nyumbani tukizungumza habari za bei ya chumvi. Lakini siku ile nilijua alichokitaka. Wakati wanaume wa mtaa walipokuwa wanagawana kwa midomo nyumba za wazungu zilizoko kando ya ziwa, yeye alitaka kitu kimoja, kubaki ameketi kanisani.

Jiko lake lilikuwa kibanda cha matete na udongo nyuma ya nyumba, mlango umetazama ziwa. Mafiga matatu katikati, kuni ukutani, vyungu viwili, kigoda kimoja. Alasiri moja ya mvua nilikuwa nimesimama pale mlangoni nikilalamika kwamba nimechoka kwa kukosa la kufanya. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo nilivyosema, mbele ya mwanamke aliyekuwa anachochea moto kwa mkono mmoja na kumnyonyesha mtoto kwa mwingine. Akanigeukia. "Hauna kazi?" akasema. "Basi leta ile kitabu yako ya nguo ya buluu. Maharagi inanikalisha hapa masaa tatu. Siwezi kuacha moto, siwezi kwenda nayo sokoni. Niko nakaa nayo tu kama mugonjwa." Akanisogezea kigoda karibu na mlango. "Weye kaa kwa mwangaza, juu njo utasoma." Yeye akakaa chini upande wa pili wa moto, mgongo ukutani, chungu katikati yetu. Nikafungua Mwanzo kwa sababu sikujua pengine pa kuanzia, nikasoma nikifuata maneno kwa kijiti cha ufagio, kama tulivyofundishwa shuleni. Kila mstari aliutaka mara mbili. Katikati alinisimamisha aulize, je, ile bustani ilikuwa na mto kama Ruzizi, na nani alikuwa anapalilia. Maharagwe yalipoiva, Adamu na mkewe walikuwa wamekwisha kufukuzwa. Mama Feza akaonja punje moja, akaitikia kwa kichwa. "Kumbe! Chungu moja ya maharagi njo sura tatu."

Tangu siku ile tukawa tunapima Maandiko kwa chakula. Maharagwe mapya, sura moja na nusu. Maharagwe ya msimu uliopita, yale magumu, sura tatu hata nne. Sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, sura mbili, maana huchemka taratibu lakini hutaka kukorogwa. Ndagala wa kukaanga, zaburi fupi tu. Bukari, ambayo ndiyo ugali wetu, haikuruhusu hata mstari mmoja, kwa kuwa Mama Feza alisonga kwa mikono miwili nami nikashikilia sufuria. Hiyo tuliiweka kwa maombi. Kila mzunguko wa mwiko, jina la mtu. Nilikuwa nimezoea maombi ya kanisani, marefu, ya maneno yaliyopigwa pasi. Yeye aliomba akihema. "Baba Feza, mugongo yake. Feza, kikohozi. Wale wa Katogota, mvua. Jirani na mume wake, wapatane, na kama hawapatane wapunguze kelele." Siku moja, mwiko ukiwa unazunguka kwa shida, akasema, "Na huyu mutoto wa Sange. Bwana, ulimupa macho ya kusoma. Umupe na roho ya kusikia." Akaendelea na mtu mwingine. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ileile, uso wangu uko shibri moja kutoka kwake. Sikuinua macho. Usiku wa siku ile sikulala vizuri, na asubuhi, kabla ya fwaye, nilifungua Biblia peke yangu, bila mtu wa kuniona, nikasoma zile sura tatu za alasiri ili nijue ninachokwenda kumsomea. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusoma kwa sababu nilitaka kusikia, na furaha niliyoipata asubuhi ile sijaisahau.

Kusoma kwake mwenyewe kulianza kwa kuuliza. Tulikuwa kwenye habari za Nuhu, akaniuliza ile alama ya duara inasema nini. Nikamwambia. Akaitafuta ukurasa mzima kwa macho, akihesabu kwa vidole, akafurahi kama aliyepata mayai chini ya kuku. Kesho yake akataka nyingine. Nilimtajia herufi, na yeye akaichora kwa kidole kwenye majivu yaliyokuwa kati yetu, nayo ikaja kwangu imesimama sawasawa, mpaka nikausifu mkono wake. Kitabu hakikuwahi kutoka magotini kwangu. Mikono yake ilikuwa na masizi na magamba, hakutaka kukigusa. Alifuata kile kijiti changu kutoka upande wake wa moto, na baada ya wiki kadhaa akawa ananitangulia, anasema neno kabla sijalifikia. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba herufi inayosimama sawasawa kwangu mimi niliyekaa mbele yake, kwake yeye imesimama kwa kichwa. Mwalimu wa miaka kumi na saba haoni mbali.

Shida yetu ilikuwa Yusufu. Alipotupwa kwenye kile kisima, Mama Feza alikataa kabisa kupika kitu kingine. Siku tisa mfululizo nyumba ile ilikula maharagwe. Machozi yalimtiririka mashavuni nikisoma, akayafuta kwa kiganja cha mkono na kuniambia niendelee, nami moyoni nikasema huyu mama ana huruma ya ajabu, anamlilia mtoto wa watu. Jioni wanaume walikutana barazani kwa Baba Feza kusikiliza redio ya jirani na kuzungumza habari za uhuru, kama kodi itaisha, kama bandari itakuwa na bosi mweusi, nani atalala kwenye nyumba gani. Nikiwa ndani napasua muhogo nilimsikia Baba Feza akisema, "Munaona hii mambo? Kongo muzima inapata uhuru, minye naachwa mutumwa wa maharagi." Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Siku ya tisa alikuja mpaka mlango wa jiko, ametoka kazini, gunia begani, akasimama. Nilidhani amekuja kugomba. Akakohoa. "Na yule kijana," akasema, akitazama pembeni, "alitoka mu gereza?" Mama Feza akamjibu bila kugeuka, "Bado. Na weye ulisema umechoka." Jumamosi iliyofuata Baba Feza alitoka Sange na debe zima la maharagwe, akalitua mbele ya mkewe. Aliyachagua mwenyewe, akasema, ya zamani, yale yasiyoiva haraka.

Kisha wazee wa kanisa wakatangaza kwamba ubatizo utafanyika kabla ya sikukuu ya uhuru, kwa kuwa hakuna ajuaye baada ya hapo itakuwaje, na kwamba mwaka huo watamruhusu yeyote ajuaye kusoma, hata kama hakuhudhuria darasa. Mama Feza akajiandikisha mara ya tatu. Siku ya mtihani alinawa mikono kwa majani ya limau mpaka ngozi ikajikunja. Wazee watatu walikaa nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe, Mzee Yakobo katikati, na sisi tuliosindikiza tukasimama madirishani. Walioitwa kabla yake walisoma, wakapewa mkono, wakatoka. Akaitwa. Mzee Yakobo akafungua Biblia kubwa ya kanisa mahali alipopachagua mwenyewe, habari ya Marta na dada yake, yule Marta aliyehangaika na kazi nyingi, nami nikaelewa kwamba lile neno lake la nafasi alikuwa bado hajaliacha. Akaigeuza Biblia imwelekee Mama Feza. "Soma, mama."

Mama Feza akatazama. Akainama, akatazama tena. Niliona jasho likimtoka juu ya mdomo. Mtu mmoja dirishani akaanza kuvuta pumzi kwa huruma. "Mzee," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "hii haifanane na ile ya kwetu." Nilitaka kupiga kelele kwamba anajua, juzi tu amesoma ukurasa mzima, nimemsikia kwa masikio yangu. Mzee Yakobo hakuwa mtu mbaya, alihuzunika kweli. "Mama Feza, tulikuambia. Kusoma kunataka nafasi. Mwaka kesho, Mungu akipenda." Akakivuta kile kitabu, akakigeuza kimwelekee yeye mwenyewe, akalainisha ukurasa kwa kiganja. Na kutoka upande wa pili wa meza Mama Feza akaanza kusoma. Alisoma jinsi Marta alivyomkaribisha Bwana nyumbani, jinsi dada yake alivyoketi na kusikiliza, jinsi Marta alivyolalamika. Alisoma kwa ile sauti ya ng'ambo ya mto, bila kukwama, mpaka mwisho wa habari, kisha akaongeza la kwake, "Huyu Marta alikosa muntu wa kumusomea mu jikoni."

Mzee wa kulia alisema amekariri. Mzee Yakobo akafungua kule kwenye Hesabu, kwenye majina ya makabila na baba zao, majina ambayo hakuna anayeyakariri. Mama Feza akayasoma moja moja, akikwama, akirudi, akiyapata. Ndipo Mzee Yakobo, kwa kumwonea huruma jinsi alivyoinama mezani, akashika kitabu akigeuze ili aone vizuri. Mama Feza akaweka mkono wake juu ya ukurasa. "Mzee, uache vile," akasema. "Usigeuze." Wazee wakatazamana. Wa kushoto ndiye aliyeelewa kwanza, akaanza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa, na mimi dirishani nikashika kichwa kwa mikono miwili, maana sasa niliona lile jiko, ule moto, kigoda changu, na miezi mitano ya kosa langu. Walibishana pale, si kidogo. Wa kulia alisema huko si kusoma. Wa kushoto, akifuta macho, alisema sheria yao inasema mtu asome, haisemi akae upande gani wa kitabu. Mzee Yakobo alivua miwani. "Na nafasi," akamwuliza, "uliipata wapi?" "Kwa maharagi, Mzee." Akaivaa tena miwani yake. Kisha akachukua kalamu akaandika jina lake.

Walibatizwa ziwani Jumapili iliyofuata, asubuhi, maji yametulia, kanisa zima limejipanga mchangani palepale alipotandaza ndagala siku sita za juma. Mama Feza alipoinuka kutoka majini alipiga kigelegele chake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kwenye utaratibu, na wanawake wote wakamjibu. Baba Feza, ambaye alikuwa ameapa kwamba sikukuu yake ya kwanza atakula nyama, alinunua mbuzi kweli. Lakini tulipoketi kula aliuliza mbona hakuna maharagwe, ilhali yule Ruthu tuliyemfikia katika kusoma alikuwa bado anaokota masuke. Siku chache baadaye uhuru ukaja. Palikuwa na ngoma barabarani, vijana juu ya malori, bendera, na mimi nilicheza mpaka kiatu kikakatika. Sikumbuki hotuba hata moja. Nakumbuka Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata. Mzee akasimama akatangaza kwamba wasiobatizwa watoke. Feza akainuka kwa mazoea, akamvuta mama yake kitenge. "Mama, twende." Mama Feza alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili. "Enda weye," akamwambia. "Minye niko hapa."

Miaka michache baadaye, nami nikiwa bado naishi Uvira, uasi ulipofika tulikimbia pamoja kwenda juu milimani, upande wa Bijombo, wenyeji wafugaji wakatupa maziwa na pa kulala. Hatukuwa na chungu wala maharagwe, na tuliogopa sana, lakini Biblia ya kitambaa cha buluu ilikuwa ndani ya kanga ya kubebea mtoto. Tuliiweka juu ya jiwe katikati yetu, tukasoma sote wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake, bila kusubiriana. Nilimwambia sasa tuna nafasi nzuri, nimfundishe kusoma kama watu wengine. Akakataa. "Nikijua upande yako," akasema, "nani atabaki upande yangu?" Nilipoolewa na kurudi Sange nilimwachia kitabu. Kilikuwa chake zaidi kuliko changu.

Siku ya mwisho ya matanga Feza aliniomba nisome. Ilikuwa alasiri, wanawake wamebandika sufuria kubwa ya maharagwe uani, palepale palipokuwa na kile kibanda, ambacho kilianguka zamani. Waliniletea kiti upande wa ziwa. Sikukitaka. Nilizunguka moto nikakaa chini, upande wake, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Na moshi ukanijia usoni. Upepo wa mchana kwetu hutoka ziwani; siku zote hutoka ziwani. Mlango wa jiko lile ulitazama maji, mimi nilikaa mlangoni, na moshi wote wa maharagwe yote ya mwaka ule ulikwenda kwake, mgongo ukutani, hana pa kusogea. Hakuwahi kusema. Nilidhani ni ugonjwa wa macho. Nilidhani anamlilia Yusufu. Nilikuwa nimejihesabu kuwa mimi ndiye niliyempa kitu, na nimeibeba hesabu hiyo moyoni tangu usichana mpaka uzee huu, na siku ile, nikiwa na machozi yananitiririka kwa moshi na kwa ajili yake, niliiweka chini.

Nikaifungua Biblia kwenye ile habari ya Marta. Pembeni palikuwa na maandishi yake ya penseli, na nilijua anayetajwa ni nani kabla sijamaliza kusoma: mutoto wa Sange. Nikaigeuza kichwa chini nisome kutoka mahali alipokaa. Ilikuwa vigumu. Nilishika herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza, nikakosea, nikarudi, nikasikia watu wanaanza kujisogezasogeza vitini. Yule mjukuu mpole, aliyekuwa amewazoea wazee wanaoshika vitabu kichwa chini, alinyoosha mkono taratibu kunisaidia, ili nisiaibike mbele za watu.

Nikaweka kiganja changu juu ya ukurasa. "Uache vile," nikamwambia. "Usigeuze."